Nyiragongo: mbele ya kufunga begi, tujue nani anasema mlima uko wazi

Nyiragongo haiko mbali na sisi. Kutoka Goma mpaka Kibati, pahali njia ya kupanda inaanzia, ni safari fupi ya moto ku barabara ya Rutshuru. Usiku, mawingu yakitoka, watu wa Majengo, wa Buhene na hata wa ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi wanaonaka mwanga mwekundu juu ya mlima. Lakini wengi kati yetu hawajafika pale hata siku moja. Kwa miaka mingi, waliopanda walikuwa zaidi wageni kutoka Ulaya na Marekani, waliolipa karibu dola 300 kila mtu kwa kulala usiku moja kando ya shimo la moto.

Basi, vijana wakisema "na siye tupande, tulale kule, turudi kesho yake", hawaombi kitu kibaya. Mtu ana haki ya kutembea katika inchi yake. Tatizo ni namna safari inapangwaka. Wanakwaya, maskauti ao wanafunzi wanakaa pamoja, wanaanza na mchango, chakula, shitingi na mtu wa kupiga picha. Maswali yenye kuamua maisha yanabakia nyuma: nani amefungua mlima? Barabara ikoje leo? Volkano iko namna gani? Na kama hatujarudi, nani atajua? Tuyaangalie moja kwa moja.

Siku mbili, lakini si matembezi ya Jumapili

Njia ya Kibati ina kilometa 8 hivi, lakini ndani ya hizo kilometa kuna karibu mita 1.500 za kupanda, mpaka mita 3.470 juu ya bahari. Mtu mwenye nguvu anatumia saa nne mpaka sita. Analala juu, anashuka asubuhi. Njia inapita mu pori, kisha ku mawe ya lava yenye kukata viatu na mikono, kisha sehemu ya mwisho ni mteremko mkali. Wakati safari zilikuwa zinafanyika, kila kikundi kilitembea na walinzi wa mbuga wenye silaha, na vijana wa kule Kibati na pembeni walibeba mizigo: maji, chakula, makala ya kupikia. Kwa familia nyingi za kule, mlima uliofungwa ni mfuko uliofungwa.

Mkaaji wa Goma anaishi ku mita 1.500. Kwa siku moja anajikuta mita 2.000 juu ya kitanda chake. Kichwa kikianza kuuma sana, akitapika ao akianza kuyumba kama mlevi, dawa ni kushuka, si kujikaza. Juu hakuna chemchemi. Maji yote yanabebwa kutoka chini, na maji ya mvua ya kule si ya kukinga na kunywa, kwani moshi wa volkano unayaharibu. Usiku baridi inakaribia sifuri, na upepo hauna huruma. Mtu aliyepanda na koti moja ya mjini, nguo zikiwa na jasho, anaweza kupata hatari kabla hata ya kuona moto.

Na kuna jambo ambalo wengi hawafikirie: mtu akivunjika mguu juu, atashuka namna gani? Msaada ni mabega ya wenzake na tipoyi. Kikundi cha watu watatu hakiwezi kumushusha mtu ku mawe yale. Kikundi cha watu kumi wasiojuana vizuri pia kinaweza kushindwa. Swali hili linaombwa lijibiwe mbele ya safari, kwa majina: nani atabeba, nani atashuka kutafuta msaada, nani atabaki na mgonjwa.

Nani anafungua mlima?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: ICCN inafungua, ICCN inafunga. Lakini tuangalie miaka michache tu. Tarehe 11 Mei 2018, kule kaskazini ya Goma, mlinzi wa mbuga Rachel Masika Baraka aliuawa akilinda watalii wawili wa Uingereza, nao wakatekwa pamoja na dereva wao, kisha wakaachiliwa. Mbuga ya Virunga ikafunga mlango kwa watalii mpaka Februari 2019. Machi 2020 ikafunga tena juu ya Korona. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 wakauawa katika shambulio, 12 kati yao walinzi wa mbuga. Halafu 22 Mei 2021, mlima wenyewe ukalipuka.

Kwa miaka mitatu hivi mlima umefungwa na bunduki, umefungwa na ugonjwa, umefungwa na moto. Kisha vita ya M23 ikarudi, na mwisho wa Januari 2025 waasi wakaingia Goma. Hapo njo fundo lilikazwa zaidi. Wanaosimamia mbuga kwa sheria ya Kongo na wanaosimama ku bariere na silaha si watu wamoja. Karatasi ya huyu inaweza kuwa makosa machoni mwa yule.

Kwa hiyo picha moja ku WhatsApp haitoshi. Rafiki akituma picha yake akiwa ku mlima, picha inaonyesha tu kwamba yeye alifika na akarudi. Haionyeshi alipita na nani, alilipa nani, na kama yule aliyemupitisha jana angali pale leo. Zaidi ya ile, tufikiri namna kikundi cha vijana wanaume kinaonekana saa moja ya usiku ndani ya pori: mabegi makubwa, matochi, shitingi, sufuria. Nyinyi munajua ni kambi ya marafiki. Mtu mwenye bunduki anayewaona kwa mbali hajui. Na hatawauliza kwanza.

Barabara: habari ya jana si habari

Tarehe 22 Februari 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo waliuawa ku barabara hiyohiyo ya Goma–Rutshuru. Walikuwa na magari ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na barabara ilihesabiwa kuwa ya kupitika bila eskorti. Kama watu wenye redio, magari mazuri na ofisi nzima ya usalama walipokea habari isiyotosha, sisi na mototaksi tunasema nini?

Barabara inaulizwa asubuhi ya siku ya kuondoka, kwa watu wanaoishi pale: mama wanaouza ku soko ya Kibati, wenye moto wanaofika Kibumba na kurudi, mwalimu ao mchungaji wa kule. Mutu wa kule akisema "leo hapana", safari imekwisha. Hatuulize mara ya pili mpaka tupate mwingine wa kusema ndiyo.

Kuna pia kile vita inaacha nyuma. Eneo la Kibati na Kibumba limepiganiwa mara nyingi, 2012 na 2013, kisha tena tangu 2022. Mabomu yasiyolipuka hayana bendera. Yanaweza kubaki ndani ya majani, pembeni ya njia, pahali pazuri pa kupumzikia. Kutoka ku njia kwa kukatisha, kwa kutafuta kuni ao kwa kujisaidia mbali, ni kucheza bahati. Chuma usichokijua usikishike, usikipige teke, na usiache mtoto akiokote.

Mlima hauna kengele

Nyiragongo imeshuka mjini ao kando ya mji mara tatu ndani ya miaka 50: Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Mwaka wa 1977 lava ilikimbia kwa kasi ambayo miguu ya mtu haiwezi. Mwaka wa 2002 ilikata Goma kati mpaka kuingia Ziwa Kivu. Mwaka wa 2021 ilianza Jumamosi mangaribi na kusimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege, na watu zaidi ya 30 walikufa. Tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, na wengi wetu tunakumbuka barabara ya Sake ilivyojaa watu na magodoro.

Mara ile, onyo halikutoka mapema. OVG, watu wa Goma wanaochunguza volkano tangu miaka ya 1980, walikuwa wamepitia miezi ya kukosa pesa na kukosa intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani. Tunalisema si kwa kuwalaumu, ila kwa kuelewa: mlima ukinyamaza, maana yake inaweza kuwa mlima umetulia, ao inaweza kuwa hakuna mtu anayeusikia. Na mwaka wa 2021 lava haikumwagika kutoka shimo la juu pale watalii wanasimamaka. Ilitoka ku nyufa za ubavuni, upande wa kusini, upande njia ya kupanda inapita. Aliye juu wakati huo, njia ya kurudi inaweza kufungwa mbele yake.

Pahali pa kulala

Wengine wanasema: basi tuache kupanda, tupige kambi chini, karibu na ziwa ao ku mawe ya lava. Hapo tukumbuke neno ambalo Kiswahili cha Goma kimeupa ulimwengu: mazuku. Wataalamu wa inchi za mbali wanaandika "mazuku" vilevile, juu wamelikuta kwetu. Ni gazi inayotoka ku udongo wa volkano, nyingi yake kaboni dioksidi. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, inajaa mu mabonde na mashimo kama maji. Kati ya Goma na Sake imeua mbuzi, mbwa na watu. Ni mbaya zaidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo.

Angalia sasa ubaya wake: shimo linalokingwa na upepo, lenye majani laini, njo pahali ambapo mtu asiyejua angetandika shitingi. Hapana. Tunalala pahali pa juu, pa wazi, na tunauliza wazee wa pale kwanza. Kama wanyama wadogo ao ndege wamelala wafu mu shimo, hatushuke kuangalia. Wengi wamekufa wakifuata aliyeanguka.

Wengine walio mu pori

Kuna watu wanaopanda mlima huu bila begi na bila kulipa dola. Wakati kambi za wakimbizi wa vita zilijaa Kanyaruchinya, chini ya Nyiragongo, akina mama waliingia mbuga kila siku kutafuta kuni, kwani bila kuni watoto hawali. Wengi walibakwa, wengine hawakurudi. Wao pia walifanya hesabu: kutoka saa ngapi, kupita wapi, na nani. Hesabu yao haikuwa ya kufurahi.

Hapo njo tunaona maana ya swali letu. Siku mtalii, kijana wa Goma na mama wa kuni wanaweza kupita njia moja na kurudi wote watatu, siku ile tutasema mlima uko wazi. Mlima uliofunguliwa kwa mgeni mwenye eskorti peke yake bado umefungwa.

Tupange namna gani?

Kwa sasa, shauri letu ni moja: sauti tatu zikubaliane. Wa kwanza ni wanaopima volkano. Wa pili ni wenye kazi ya kulinda mbuga. Wa tatu ni watu wanaoishi Kibati. Moja akikataa, hatuendi. Kama wote wamekubali, kuna kazi hizi:

– Kuacha karatasi kwa mtu anayebaki mjini: majina, namba za simu, njia, saa ya kurudi, na saa ambayo ataanza kuomba msaada kama hatujafika.
– Kutembea na walinzi na wabeba mizigo wanaojulikana, si na "mtu anayejua njia ya mkato".
– Kubeba maji yasiyopungua lita 3 kwa mtu, koti ya mvua, nguo kavu za usiku mu sashe, tochi, na makala yetu wenyewe, hatukati mti.
– Kupatana saa ya kurudi nyuma: kama saa nane ya muchana hatujafika pahali fulani, tunashuka, hata kama juu iko karibu.

Wenzetu wa Bukavu wanaotamani Kahuzi kupitia Tshivanga, na wa Beni wanaoangalia barafu ya Ruwenzori kutoka Mutwanga, watabadilisha majina ya makundi na ya barabara. Maswali ni yaleyale. Kule Ruwenzori hakuna lava, lakini kuna ADF, na mlima una mita 5.109 na baridi ya kweli.

Sisi wakaaji pia tuna kitu cha kuomba, kwa yeyote anayesema anaongoza. Hali ya mlima itangazwe ku redio kila wiki, kwa Kiswahili, kwa neno moja lenye kueleweka: wazi ao imefungwa, na sababu. Bei ya mkaaji itangazwe pia, ili kijana asitafute njia ya mkato juu ya kukosa dola. Na vijana wa Kibati warudi ku kazi yao ya kubeba na kuongoza. Hao njo wanaojua kwanza njia ikiharibika, na hao njo watakaotushusha ku tipoyi siku mambo yakiwa mabaya.

Mbele ya hayo, Nyiragongo tuiangalie kutoka chini. Haihami.