Uzuri wa Mkakasi: Juu ya Upanga wa Kwanza

Wako watu wawili wampotezao mwanafunzi wa upanga wa Kijapani. Wa kwanza ni mwuzaji wa mapambo, amwuziaye kitu king'aacho kwa bei ya kutupa. Wa pili ni mtukuzaji wa asili, amwambiaye kuwa upanga usiofuliwa Japani si upanga. Mmoja huhatarisha maisha yake. Mwingine humfungia mlango wa elimu. Nakusudia kuwapinga wote wawili.

Nianze na mwuzaji. Upanga wake aghalabu ni wa chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho ni chema kwa kisu cha jikoni, maana kisu ni kifupi. Kikirefushwa kufikia sentimeta 70 hakistahimili mshindo, huweza kuvunjika ghafla. Msuka wake nao mara nyingi ni ufito mwembamba ulioungwa kwa moto na kufichwa ndani ya mpini, mahali ambapo jicho halifiki. Mwanafunzi akatapo mkeka uliokunjwa na kulowekwa maji, kama ilivyo desturi ya zoezi liitwalo tameshigiri, msuka huo huweza kukatika na bapa likaruka kama mshale. Atakayelipa ni yeye, au mwenzake asimamaye kando. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Pambo na likae ukutani. Auzaye pambo kwa jina la silaha ni mwongo.

Sasa mtukuzaji wa asili. Husema kuwa wahunzi wa Japani huyeyusha mchanga wa chuma katika tanuri ya udongo iitwayo tatara, wakapata pua iitwayo tamahagane. Huikunja na kuifua mara nyingi, kisha hulipaka bapa udongo kabla ya kulizamisha majini, ili makali yawe magumu na mgongo uwe laini. Yote ni kweli, na kazi hiyo ni fahari ya wanadamu. Lakini haifuati kwamba mwanafunzi aihitaji. Pua ile ilikunjwa kwa sababu ilitoka tanurini na takataka na kaboni isiyolingana. Kukunja kulikuwa dawa ya ugonjwa. Pua ya viwanda vya leo haina ugonjwa huo. Kuikunja ni kumnywesha dawa mtu mzima wa afya, na kila mkunjo usioshikana vema ni ufa uliojificha. Walakini mikunjo huuzwa kwa bei ya juu, kwa kuwa huleta mawimbi ya kupendeza juu ya bapa.

Ama udongo, nao una hasara yake. Bapa lenye mgongo laini likipigwa upande na mkono usiojua, hupinda na kubaki limepinda. Bapa lililotiwa ugumu sawasawa kote, kama lilifanywa vema, hupinda likarudi. Mkono mchanga wahitaji rafiki asameheye.

Tena upanga wa fundi wa Japani huuzwa kwa maelfu ya dola. Katika nchi hiyo sheria ya 1958 yataka upanga usajiliwe kuwa kazi ya sanaa, na aliye huko hana budi kuifuata. Lakini mwanafunzi wa Ulaya au Marekani, mwenye kipato cha wastani, aambiwe angoje miaka kumi kabla ya kukata mkeka wake wa kwanza? Huko ni kuigeuza elimu kuwa urithi wa matajiri.

Basi anunue nini? Katika Longquan, mji wa China wenye sifa ya kale ya panga, hufuliwa vitara vya pua yenye kaboni asilimia 0.60 hivi, ipewayo nambari 1060, navyo hupatikana kwa dola 200 hadi 400 hivi. Achague bapa la pua moja lisilokunjwa, lenye ugumu sawa. Msuka uwe kitu kimoja na bapa, na ufike mbali ndani ya mpini. Kijiti cha mwanzi kipitacho mpini na msuka kikaze, nacho kitazamwe kabla ya kila zoezi. Kikilegea, siku hiyo hakuna kukata. Fedha iliyosalia aitumie kwa mwalimu na mikeka.

Unafuu wa bei si sifa wala si aibu. Upanga wa kwanza hununuliwa ili mkono ujifunze, na mwenye kuuhukumu auhukumu kwa msuka wake kabla ya kuutazama uso wake.