Ebola tuliiweza, sukari ya wazee wakimbizi itushinde?

Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, barabara zetu zilikuwa mbaya sawa leo, umeme ulikuwa wa shida, na ADF walikuwa porini. Hata hivyo chanjo inayotaka baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri ilifika Beni, ikafika Butembo, ikaingia mpaka vijijini. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa. Katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, damu ya wagonjwa ilipimwa hata kreatinini, kujua kama figo bado zinafanya kazi. Juni 2020 ugonjwa ukatangazwa umekwisha.

Sasa mzee aliyekimbia Eringeti, au mama aliyetoka Kanyabayonga wakati M23 walipoiteka mwisho wa Juni 2024, ni nani amemtoboa kidole kumpima sukari? Akifika kituo cha afya anaulizwa homa, kuhara, kikohozi. Ni lazima, sikatai. Lakini akisema kiu haiishi, anakojoa usiku kucha, nyayo zinawaka moto, mara nyingi anapewa dawa ya malaria na kurudi kulala chini.

Wako wanaosema sukari na tansiyo ni magonjwa ya matajiri. Tajiri gani analala kwenye darasa la shule? Mkimbizi aliacha vidonge vyake nyumbani, anakula mara moja kwa siku, tena anachopewa. Na mwenye kuchoma insulini bila chakula, sukari inaweza kushuka mpaka azimie.

Na sisi wenyewe tuna lawama. Kidonda cha mguu kinakataa kupona, tunasema amerogwa. Papa anaanguka ghafla, tunasema sumu, na jirani anaanza kutafutwa. Damu ilikuwa na jibu, hakuna aliyeiuliza.

Kipimo cha kidole kinajibu kwa sekunde chache. Asubuhi kabla ya kula, ikifika miligramu 126 kwa desilita au zaidi, siku mbili mbalimbali, huo ni ugonjwa wa sukari. Kuna pia hemoglobini A1c, inayoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kuanzia 6,5 kwa mia ni ugonjwa. Hii ingefaa wakimbizi, maana haimlazimishi mtu kukaa na njaa. Ila kwetu tuangalie: mwenye SS, au aliyeishiwa damu juu ya malaria, inaweza kumdanganya kwa kuonyesha kidogo. Kwa moyo kuna troponini, inayopanda misuli ya moyo ikiumia. Ni nzuri, lakini mtu asikuuzie karatasi ya vipimo kumi kabla hajakupima tansiyo, ambayo haitaki hata sindano.

Na habari ya frigo tusiambiwe. Insulini inataka nyuzi 2 mpaka 8. Walioweza 60 chini ya sifuri wanashindwaje na hiyo?

Serkali ya jimbo iko hapa Beni tangu Goma ilipoanguka Januari 2025. Haina safari ndefu ya kuja kuona. Tunadai, kwake na kwa madaktari wakuu wa zone za afya za Beni, Oicha, Butembo, Katwa na Lubero, na kwa mashirika ya misaada: kila mkimbizi mwenye miaka 40 na zaidi apimwe tansiyo na sukari bure siku anapoandikishwa, na dawa ya mwezi iwekwe kwenye orodha moja na dawa ya malaria. Mashini moja ya A1c kwa kila hospitali kuu ingefuata.

Na wewe unayempokea mzee nyumbani kwako, ukimuona na kiu hiyo, mpeleke, utaje kipimo kwa jina. Muuguzi akijibu kwamba vijikaratasi vya kupimia vimekwisha, muulize tangu lini, uandike tarehe, uilete kwetu. Tutaisoma hapa, pamoja na jina la kituo.