Bi harusi, jenereta liache nyumbani



Leo nina neno, na najua baadhi ya shangazi zangu watanuna. Binti wa dada yangu ameolewa, alhamdulillah, na kabla hata hina haijakauka nyumba ilikuwa imeshagawika pande mbili kwa sababu ya jenereta.

Kisa chenyewe hiki. Maharusi walikataa hoteli. Walisema siku za mwanzo za fungate watakwenda kwenye kiwanja cha familia ya bwana harusi kule Kizimkazi, walale kwenye hema. Kiwanja kina ukuta, kisima na choo, umeme hakina. Bibi zao wakashika vichwa: fungate kwenye hema, kama wavuvi waliokwenda dago! Walipoona watoto hawarudi nyuma, wakaingia huruma. Wakachangishana wanunue jenereta dogo liende na maharusi, kisha libaki kwao kuwa zawadi ya nyumba.

Nia njema, Mungu awalipe. Lakini mimi nilisema mbele yao na naandika tena hapa: jenereta si zawadi ya bi harusi. Mpeni betri, na kabla hamjampa mfundisheni kuifunga mwenyewe.

Sisi wa Unguja majenereta tunayajua. Tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, na aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta. Wenye umri wangu wanakumbuka: mlio kila uchochoro, moshi unaingia kwenye madirisha ya jirani, mtu unaamka na kichwa kizito. Jirani ana haki yake hata kama ni mvuvi aliyelala banda la pili. Na moshi ule una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Mvua ikinyesha usiku, kishawishi cha kulisogeza jenereta karibu na hema, chini ya turubai, ni kikubwa. Hilo tu lingetosha kwangu kulikataa.

Wakaniuliza, sasa hiyo betri itaweza? Nikachukua kalamu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokimbia, tunasema hesabu za umeme ni za kaka. Jamani, mtu anayeweza kukadiria mchele wa pilau ya watu 300 atashindwa na hili?

Kila kifaa kina wati zake, zimeandikwa kwenye boksi au chini yake. Zidisha kwa saa utakazokitumia. Feni ndogo ya volti 12 yenye wati 15, ikizunguka saa tisa usiku kucha, ni 135. Taa mbili za wati 5 kwa saa nne ni 40. Simu mbili, kila moja kama 15 kuijaza, ni 30. Jumla 205, ongeza kidogo kwa kinachopotea njiani, sema 250 kwa usiku mmoja. Mausiku mawili ni 500. Sasa betri: zidisha volti kwa ampea zilizoandikwa. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 50 inakupa 640. Imetosha na chenji imebaki.

Muuzaji atakwambia chukua ya gari, ni rahisi zaidi. Ni kweli ni rahisi. Lakini betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo ile 50 yako umenunua 25. Tena ina uzito wa kama kilo 15, ambapo ya lithiamu ya kiasi hicho ni kama kilo 6. Hiyo unaibeba kwa mkono mmoja na mkoba wa nguo kwa mwingine. Na ya maji ikipinduka kwenye gari juu ya sanduku la bi harusi, kanga zote zimekwisha.

Sasa angalieni nini hakimo kwenye hesabu yangu. Pasi hakuna, birika la umeme hakuna, kikaushia nywele hakuna. Kila kimoja kati ya hivyo kinakula wati elfu moja na zaidi. Ukitaka kuvipeleka porini, utahitaji inveta kubwa, betri mara nne, na shilingi ambazo zingefaa kwa kodi ya nyumba. Nguo zipigwe pasi mjini. Chai ipikwe kwa gesi, nje. Aya ya 31 ya Sura Al-Aaraf tunaisoma sana kwenye mihadhara ya chakula cha harusi, lakini israfu haiishii kwenye sinia la biriani. Nimeona watu wananunua betri ya kuendesha nyumba nzima ili wachaji simu mbili ufukweni na kupiga picha.

Kwa mahitaji yale inveta haina kazi kabisa. Feni ya volti 12, taa za volti 12, na tundu la USB la kuchaji simu, vyote vinakula moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kifaa kimoja kupunguza ni tatizo moja kupunguza.

Nije kwenye kufunga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu alama ninayo mkononi.

Safari yetu ya kwanza ya wanawake watupu, miaka michache nyuma, mimi ndiye niliyejifanya fundi. Tulitoka harusini jana yake, mikono bado ina hina na bangili za dhahabu sikuzivua, nani ananiona? Nikashika spana nikaze nati kwenye kichwa cha chanya. Mkia wa spana umeegemea bangili, na bangili ikagusa kichwa cha hasi. Sikusikia hata mlio. Cheche, harufu ya ngozi, na bangili imekuwa nyekundu juu ya kifundo cha mkono wangu. Volti 12 haikurushi kama umeme wa nyumbani, na ndiyo maana tunaidharau. Lakini betri inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mpigo mmoja kupitia chuma chochote kinachounganisha vichwa vyake viwili, na dhahabu inapitisha umeme vizuri mno. Wenzangu walinimwagia maji ya dumu karibu robo saa. Bangili ilitoka na ngozi.

Basi, bi harusi mpenzi: vua bangili, pete, saa na mkufu mrefu kabla hujaigusa betri. Najua wiki ile ndiyo wiki ya kuvaa. Vua. Spana izungushie tepu ya umeme iache mdomo tu. Ukifanya kazi kwenye kichwa kimoja, kingine kiwe kimefunikwa. Waya mwekundu unaotoka chanya uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, si kule mwisho kwenye taa. Kwa mzigo mdogo kama huu fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita 2.5 vinatosha. Fyuzi hailindi feni yako. Inalinda waya usishike moto mahali ambapo ukuta wa nyumba ni kitambaa. Chukua na fyuzi mbili za akiba, kwa sababu duka la Kizimkazi usiku huwezi kulitegemea.

Kama mna paneli ya sola, ya wati 100 itakurudishia kama 300 mpaka 400 kwa siku ya jua zuri, maana yake usiku wa jana umelipwa na zaidi. Masika usiitegemee hivyo. Chaji kontrola iwe ya kukubali lithiamu. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye, na wakati wa kufungua anza na paneli. Betri yenyewe ikae kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, kivulini, juu ya ubao, si mchangani. Hewa ya chumvi inakula shaba. Paka vaselini kidogo kwenye vichwa ukishamaliza kukaza.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna fundi wa kiume aliyewahi kuniambia. Taa ikiwaka ndani ya hema usiku, aliye nje anakuona. Si uso, anaona umbo lako lote ukutani, unavyoinama, unavyovua, kama pazia la sinema. Tuligundua hivyo tulipomtuma mwenzetu kisimani akarudi amecheka mpaka amekaa chini. Tulikuwa wanawake watupu na ukuta upo, Mungu alitusitiri. Tangu siku ile taa kubwa naitundika nje, mbali kidogo na mlango, inavutia na wadudu huko huko. Ndani naweka ndogo ya njano chini kabisa, nyuma ya mkoba, na kubadilisha nguo ni gizani. Unanunua buibui zito kwa ajili ya stara, kisha unajianika kwa wati 5.

Na chetezo. Najua, fungate bila udi si fungate. Fukiza nguo nje, jioni, kisha uzime makaa. Makaa yana gesi ile ile ya jenereta, na hema lina nafasi ndogo kuliko chumba. Kandili la mafuta vilevile. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alisema moto ni adui yetu, tuuzime tunapolala. Mimi sioni mahali pa kuyafuata mafundisho haya kwa urahisi zaidi kuliko kwenye hema lenye taa ya betri.

Neno kwa wanaofuata sanduku Dubai au Muscat: betri hii msiiweke kwenye orodha ya kuleta kwa ndege. Pawabenki ya mpaka wati-saa 100 inaruhusiwa, na unaibeba mkononi. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali. Zaidi ya 160 abiria habebi kabisa. Tumeshahesabu kwamba yetu ni 640. Kuna shoga yangu alinyang'anywa ya kwake uwanjani na mahari aliyoinunulia imepotea hivyo. Nunueni hapa hapa mjini, na ufungue boksi dukani mbele ya muuzaji.

Shangazi yangu mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya yote mume atayafanya, mwanangu. Bi harusi apumzike." Kwa heshima zote, sikubaliani. Mume ni mgeni wa betri kama yeye. Mume atakwenda msikitini Isha, fyuzi itakatika, na mtoto wa watu amekaa gizani kwenye kiwanja asichokizoea. Amsubiri? Au apige simu aje fundi asiyemjua, usiku, kwenye hema la fungate? Tunamfunda binti kupika, kujifukiza, kuzungumza na mama mkwe. Somo wetu anampa siku saba za mafundisho. Nusu saa ya betri itamharibia nini? Boksi lile lile ndilo litakalowasha feni umeme ukikatika mjini na mtoto mchanga ana joto, na siku hiyo hatakuwa na muda wa kujifunza.

Wakubwa walikubali nusu. Jenereta lilishanunuliwa, limekaa stoo kwa dada. Betri nilimnunulia mimi, na jioni mbili kabla ya siku ya hina tulikaa barazani tukaifunga na kuifungua mara tatu, mikono mitupu.

Siku walipofika Kizimkazi, karibu na Magharibi, simu ikaita.

"Mamdogo, spana ni namba kumi au kumi na tatu?"

"Kumi. Bangili je?"

"Zote zimo kwenye kikombe. Na yeye nimemvua saa."