Tunahukumu Miguu, Tunaisamehe Ardhi

Nilikuwa Pangani mwishoni mwa juma, na jioni nikaketi kwenye baraza ya kahawa isiyo mbali na kivuko cha kuendea Bweni. Mazungumzo hayakuwa ya bei ya nazi wala ya mafuta ya boti. Yalikuwa ya mpira, na kwa dakika kadhaa yalikuwa makali kuliko kahawa yenyewe.

"Wachezaji wa siku hizi hawana adabu, mwanangu," alisema mzee mmoja. "Anaguswa bega, anagaragara ameshika kifundo cha mguu."

Kijana aliyekuwa ameegemea bodaboda yake akajibu, "Babu, na uwanja wenyewe umeuona? Mpira unaruka kama sungura. Hapo hata mwenye subira ya Nabii Ayubu angecheza rafu."

Nilichokiona baada ya hapo kilinifurahisha na kunifikirisha kwa wakati mmoja. Mazungumzo yalipogeukia mechi ambayo timu ya mzee ilifungwa, mzee akawa wakili wa hoja ya uwanja mbovu, na kijana akageuka mhubiri wa nidhamu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata hivyo, nyuma ya ushabiki ule lilikuwapo swali la kweli ambalo hawakulifikia: je, nani anawajibika kwa mwenendo wa mchezaji, na nani anawajibika kwa ardhi anayochezea?

Kwa swali la kwanza, majibu tunayo tayari. Tarehe 23 Oktoba 2022, katika mchezo wa watani wa jadi, Clatous Chama wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga hawakushiriki kupeana mikono na wapinzani kabla ya mpira kuanza. Kila mmoja alifungiwa mechi 3. Wako walioona adhabu ile ni kali mno. Mimi naiona inatetewa, kwa sababu watoto wanaocheza kwenye mchanga wa Pangani huiga kila wanachokitazama, na salamu si jambo dogo katika pwani hii. Sina hoja dhidi ya nidhamu. Hoja yangu ni kwamba sheria yetu ina macho makali inapomtazama mchezaji, na hufumba jicho moja inapomtazama mwenye mamlaka na mwenye uwanja.

Tuitazame tarehe 8 Machi 2025. Siku ile mchezo wa Yanga na Simba haukuchezwa. Simba, waliokuwa wageni, walisema jioni ya kuamkia mchezo walizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, haki waliyopewa na kanuni, wakatangaza kwamba hawatacheza. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku ileile. Yanga nao wakakataa tarehe nyingine. Mvutano ukaendelea kwa miezi, hadi mpira ukachezwa tarehe 25 Juni na Yanga wakashinda 2-0. Nani alikuwa na haki, si kusudi langu leo. Nauliza tu: shabiki aliyepanda basi usiku kucha kutoka mkoani, akakata tiketi, akafika na kukuta hakuna mchezo, alilipwa nini kwa mwenendo ule wa wakubwa? Asiyempa mwenzake mkono hukaa nje mechi 3. Waliowanyima maelfu ya watu mchezo mzima walibaki wakibadilishiana barua.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe, na hapa sisi watu wa Tanga tuna kidonda chetu. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania wa mwaka 1988, walimaliza msimu wa 2023/24 wakiwa nafasi ya 4 na kupata tiketi ya mashindano ya Afrika. Ungetarajia msimu uliofuata uwe wa sherehe Mkwakwani. Badala yake, katika msimu wa 2024/25 walizipokea Simba na Yanga kule Arusha, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tanga. Mtu wa Pangani, aliyezoea kusafiri kilomita zipatazo 50 kwenda kuishangilia timu yake, alibaki kuitazama katika kibanda umiza kama anayetazama ligi ya Uingereza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mcheza kwao asiyekuwa na kwao atatunzwa na nani?

Turejee kwenye swali la pili. Mkwakwani si mali ya Coastal Union. Ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama zilivyo Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya na hata hiyo Sheikh Amri Abeid. Viwanja hivi ni urithi wa zama za chama kimoja. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, viliendelea kuwa mikononi mwa chama, na tangu hapo wapinzani wamekuwa wakidai kwamba vilijengwa kwa nguvu za wananchi wote, huku chama kikisema ni mali yake halali. Mjadala huo una mahali pake. Lakini hata tukikubali kwa leo kwamba mwenye hati ndiye mwenye mali, bado mali ina wajibu wake. Anayepokea kodi ya nyumba huziba paa linapovuja.

Katika mpira wetu mambo ni kinyume. Uwanja unapokosa sifa hufungiwa, na kuufungia ni sawa, kwa kuwa nyasi mbovu huvunja miguu ya vijana. Lakini gharama ya kufungiwa humwangukia nani? Klabu ndiyo inayokodi basi, inayolipia hoteli, inayopoteza mapato ya mlangoni na sauti ya mashabiki wake. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga nje ya Mkwakwani hupoteza siku yake. Mwenye uwanja hapungukiwi na pointi hata moja kwenye msimamo. Tunamwadhibu mpangaji kwa kosa la mwenye nyumba.

Isidhaniwe kwamba nakiandama chama peke yake. Uwanja wa Benjamin Mkapa ni wa serikali, na mwaka 2025 hali yake ilitutia aibu mbele ya Afrika. Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, na mchezo wa marudiano dhidi ya RS Berkane, tarehe 25 Mei, ukahamishiwa Amaan, Zanzibar. Tuwashukuru ndugu zetu wa visiwani kwa kutusitiri. Hata hivyo, nchi yenye uwanja wa watu 60,000 haikupaswa kukosa nyasi za kuchezea fainali.

Je, yako mahali ambako mambo huendeshwa vinginevyo? Nitoe mfano wa mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii: kriketi. Huko hali ya ardhi ni nusu ya mchezo, kwa kuwa mpira hudundishwa chini kabla ya kumfikia mpigaji, na ufa mdogo tu hubadili kila kitu. Mashabiki wao hugombana kama wetu, wengine wakilaumu tabia za wachezaji, wengine wakilaumu pichi. Tofauti ni kwamba baraza lao la kimataifa limeweka mizani miwili. Mchezaji mwenye utovu wa nidhamu huandikiwa pointi za makosa. Uwanja mbovu nao huandikiwa pointi zake, na zikifika kiwango kilichowekwa hufungiwa kuandaa michezo ya kimataifa kwa miezi 12. Machi 2023, uwanja wa Indore nchini India ulipewa pointi 3 baada ya mchezo wa siku tano dhidi ya Australia kumalizika siku ya tatu. India, nchi yenye fedha na sauti kuliko zote katika mchezo huo, haikupuuza uamuzi. Ilikata rufaa kwa utaratibu, na pointi zikapunguzwa hadi 1. Mkubwa aliandikiwa kosa, akajitetea kwa hoja, na kila mtu akaona.

Hicho ndicho ninachokitaka kwetu, wala hakihitaji fedha za kigeni. Taarifa ya ukaguzi wa kila uwanja wa ligi itangazwe, ikitaja kasoro, mwenye jukumu la kuirekebisha na tarehe ya mwisho. Mkataba kati ya klabu na mwenye uwanja useme wazi kwamba uwanja ukifungiwa kwa uzembe wa matunzo, mwenye uwanja atalipa gharama za safari ya mpangaji wake. Na viongozi wanaosababisha mchezo usichezwe wapewe adhabu yenye idadi na tarehe, kama wanavyopewa wachezaji.

Nilipoaga, mzee na kijana walikuwa wamekwisha kupatana juu ya jambo moja tu, kwamba mwamuzi ndiye mbaya. Niliwaacha wakicheka. Lakini njiani nilikumbuka kuwa hivi ndivyo tunavyojadili pia shule zetu, hospitali zetu na siasa zetu: mwalimu mvivu, muuguzi mkali, mpigakura mjinga. Huenda wapo. Ila kabla ya kumpa yeyote kati yao kadi, tuinamishe macho tutazame anasimama juu ya nini, na tuulize kwa jina ni nani aliyekabidhiwa kupatunza.