Mguu Uliovimba Usifichwe

Mpagazi wa zamani, aliyetoka Bagamoyo na mzigo begani hata Tabora, mali yake ilikuwa miguu. Mkulima wa pamba wa Choma, wilayani Igunga, naye ni hali kadhalika: miguu ikimshinda, shamba limemshinda.

Basi yasikitisha kuona ndugu aliyevimba miguu akifichwa nyumbani, na majirani wakinong'ona kwamba amerogwa. Uvimbe ni dalili ya maradhi, wala si uchawi. Miguu yote miwili ikivimba, pengine ni kwa udhaifu wa moyo, figo au ini. Mama mjamzito akivimba uso na mikono huku kichwa kikimwuma, apelekwe hospitali siku ile ile. Mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, huenda damu imeganda mshipani. Hilo nalo halingoji kesho.

Matende huletwa na minyoo midogo ienezwayo na mbu, na dawa za kuyakinga zipo. Taifa lilianza mpango wa kuyatokomeza mwaka 2000. Aliyekwisha kuvimba asikate tamaa. Aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vema hata kati ya vidole, auinue aketipo, na avae viatu. Hivyo vidonda na homa vitapungua.

Ndugu, adui maradhi hapigwi vita gizani. Ni wajibu wetu kumfikisha mwenzetu zahanati mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.