UMEME WA UPEPO: USINGIZI WA JIRANI NAO UPIMWE



Ndugu msomaji, katika usafi na afya tumezoea kuzungumzia maji, vyoo, mbu na chakula. Kelele tunaisahau, kwa kuwa haionekani na wala hainuki. Leo, Insha Allah, tutazame kelele ya mitambo ya umeme wa upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Wakenya waliianza pale Ngong mwaka 1993, na leo kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, iko mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Kwetu Tanzania, Mwenga huko Mufindi ilianza kuzalisha mwaka 2020, na Singida imetajwa kwa miaka mingi kuwa ina upepo wa kutosha. Basi ni vema tujue mapema, kabla minara haijasimama nyuma ya nyumba zetu.

Maneno mengi husemwa. Wengine hudai mitambo hii huleta saratani, huharibu mimba na kuwafanya watu tasa. Kwa upande wa pili, wenye miradi husema haina kelele yoyote, na anayelalamika anataka fidia tu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea.

Tuanze na madai ya maradhi. Nchini Canada, Wizara ya Afya iliwachunguza watu 1,238 waliokuwa wakiishi jirani na mitambo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Haukuonekana uhusiano kati ya kiwango cha kelele na maradhi kama kisukari, shinikizo la damu au kipandauso. Australia nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwaweka watu 37 kwa saa 72 kwenye mtetemo wa sauti nzito isiyosikika masikioni, ule unaosemwa kuwa ndio sumu yenyewe. Haukuwaletea madhara. Kwa hiyo mama anayeumwa kichwa na homa asikae nyumbani akiulaumu mnara. Aende zahanati apimwe malaria na presha. Uvumi unaomchelewesha mgonjwa kupata tiba nao ni dhara.

Lakini utafiti uleule wa Canada ulionesha kwamba kadiri kelele ilivyozidi, ndivyo watu waliokereka sana walivyozidi. Kero si jambo dogo. Anayekereka kila usiku hupata taabu ya kulala, na asiyelala huamka mzito, hasira ziko karibu, kazi haiendi na mtoto darasani anasinzia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa nchi za Ulaya kwamba wastani wa kelele ya mitambo hii nje ya nyumba usizidi desibeli 45. Shirika lilikiri kuwa ushahidi bado si mzito, lakini halikusema kuwa tatizo halipo.

Kwa nini sauti ndogo hivyo ikere? Kwanza, haitulii. Kila panga linapokata hewa husikika vuu, kisha vuu, na sikio hulizoea kwa shida kuliko mngurumo wa mfululizo. Pili, usiku ardhi ikipoa, upepo wa huku chini hutulia, ilhali ule wa juu penye mapanga unaendelea kuvuma. Majani hayachezi, kijiji kimenyamaza, na mtambo unasikika peke yake. Hivyo mtaalamu anayekuja saa sita mchana na kipimo chake, akapima na kuondoka, hajapima usingizi wa mtu.

Tatu, tuzitazame nyumba zetu. Mzungu hulala amefunga dirisha la vioo viwili. Sisi tunalala madirisha wazi kwa ajili ya joto, chini ya bati lisilo na dari. Sauti inayoishia ukutani kwake, kwetu inaingia hadi kitandani. Kwa hiyo umbali uliopangwa kwa nyumba za Ulaya usinakiliwe tu. Sisi tunahitaji umbali mkubwa zaidi.

Uislamu una la kusema hapa. Allah (S.W.) ametujulisha katika Suratun-Nabaa kwamba usingizi ameufanya kuwa mapumziko yetu. Na Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akawakataza wasiudhiane kwa visomo vyao. Ikiwa kisomo kimewekewa adabu ili jirani asiudhike, mtambo wa biashara utaachwaje bila mpaka? Na sisi wenyewe tusijisahau: jenereta la usiku kucha na vipaza sauti vya harusi hadi alfajiri navyo vinaingia katika hukumu hiyo.

Sisemi mitambo ikataliwe. Umeme wa upepo hautoi moshi, na zahanati yenye umeme huokoa mama mzazi na kutunza chanjo. Ninachosema ni kwamba shura itangulie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na wananchi wasikilizwe. Wasipohusishwa, mambo huharibika. Kinangop, nchini Kenya, mradi mkubwa wa upepo ulikufa mwaka 2016 baada ya wananchi kuupinga. Uholanzi, uchunguzi wa mwaka 2007 uliohusisha watu 725 ulionesha kuwa wale waliopata faida ya fedha kutokana na mitambo ni wachache sana waliokereka, ingawa kelele kwao ilikuwa kubwa zaidi. Mtu huvumilia kilicho chake. Asiyepewa kitu ila kelele, huona amedhulumiwa.

Basi mkutano wa kijiji ukiitishwa, akina baba msiende peke yenu. Nendeni na akina mama, maana wao ndio wanaoamka usiku na watoto. Ulizeni mambo manne: mnara wa karibu utakuwa mita ngapi kutoka nyumba ya mwisho, kelele itapimwa usiku na nani, matokeo yatabandikwa wapi, na kipimo kikizidi mtambo utapunguzwa mwendo au la. Majibu yaandikwe kabla ya kutia saini. Ambaye tayari ana mtambo jirani aandike kwa wiki mbili saa anazoamka na hali ya upepo, kisha apeleke daftari hilo serikali ya kijiji. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa kuliko manung'uniko.

Wabillahi tawfiq.