Kredi 180, jibu sifuri

JIWE KIATUNI, na Riziki Furaha

Kwa wale wanaoniuliza kila wiki habari za Minervali, mbuzi wa kaka yangu: Minervali ameuzwa. Nitafika huko, mnivumilie. Wiki hii nina hasira, na nikianza na mbuzi sitamaliza.

Jumamosi nilipanda kwenda Kalengera kuchukua maharagwe. Kila mavuno kaka yangu mkubwa hunitunzia nusu gunia, nami kila mavuno huahidi kulipa. Motari aliyenibeba kutoka Goma alisimama Kibumba kununua kabichi, akasimama tena Rumangabo kumsalimia shemeji yake, na nilipofika mgongo ulikuwa umegeuka ubao wa chukudu. Nikamkuta binti wa kaka amekaa uani kwenye mkeka, makaratasi yamemzunguka, kila karatasi imewekewa jiwe lisipeperuke. Mawe huku kwetu si tatizo.

"Jambo shangazi," akasema bila kuinuka. "Usikanyage diploma."

Diploma zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya Leta, ya 2021, mwaka ule Nyiragongo ilipomwaga moto tarehe 22 Mei na sisi wa Goma tukatawanyika na magodoro kichwani. Watoto wa mwaka ule walisomea mtihani wao wa taifa katika nyumba za watu, na yeye akatoka na asilimia 54. Mimi namba hiyo naiona kubwa. Ya pili ni lisansi ya laboratwari, yenye "distinction", na hii ni ya mfumo mpya. Sisi wazee tulisoma graduat miaka mitatu, kisha lisansi miwili, tukazeekea humo. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022 Leta ikatuletea LMD: lisansi ni miaka mitatu, kila mwaka kredi 60, jumla 180. Tulielezwa kwa mbwembwe kwamba kredi ni kama pesa, unaitafuta hapa unaitumia pale. Binti yetu ni wa kundi la kwanza kuamini.

Sasa anafanya kazi kituo cha afya. Kutwa nzima ameinamia mikroskopi akitazama damu ya watu wa Kalengera na ya wale wanaoteremka kutoka njia ya Tongo. Malaria anaiona yeye kwanza. Nilipomuuliza kwa nini anataka kurudi shule kusomea udaktari, alinijibu huku akipanga karatasi: "Nimechoka kuuona ugonjwa kabla ya wote, halafu nikae kimya."

Basi alikuwa anatayarisha dosie. Diploma ya Leta na kopi yake, bulletini za miaka ya mwisho ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, picha nne, na cheti cha afya. Hicho cha mwisho kilimchekesha mwenyewe. Vijana wengine wawili wa hapo kijijini wanaomba fakulte ileile, na damu zao amezipima yeye. Yake ilibidi amtafute mtu wa kuipima.

Jioni akaja mdogo wangu, baba mdogo wa binti, amebeba kidumu cha kasiksi. Akatazama mkeka, akatazama makaratasi, akatoa hukumu kabla hajaketi.

"Mtu amemaliza shule, anarudi shule? Atasoma mpaka lini? Na ndoa?"

"Mdogo wangu," nikamwambia, "wewe ulikaa mwaka wa tano mara mbili na hakuna aliyekutafutia mke."

Kisha nikamkumbusha Mukwege, maana kwake yeye Mukwege ni kama mtakatifu, picha yake imebandikwa juu ya redio. Daktari Mukwege alipomaliza sekondari Bukavu mwaka 1974 hakwenda kwenye udaktari. Alikaa miaka miwili Kinshasa kwenye mambo ya uhandisi, ndipo 1976 akahamia Burundi kuanza udaktari, akamaliza 1983. Je, angelikuwepo baba mdogo pale uani kwao na kidumu cha kasiksi, ile Nobel ya 2018 ingepelekwa wapi? Mdogo wangu akanywa, akasema Mukwege ni mwanaume. Tuendelee.

Kwa kweli huyo sina ugomvi naye. Ujinga wa mdogo wangu ni wa bure. Ninaouzungumzia ni ule wa ofisini, ambao tunaulipia.

Jumanne nikamsindikiza binti kwenye aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, ya fakulte moja ambayo sitaitaja, wenyewe watajijua. Foleni ilianza saa mbili, tukafika dirishani saa sita na nusu. Karani akapokea dosie, akafungua, akapita juu ya lisansi kama mtu anayeruka dimbwi, akaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya 2021. Kidole chake kikateremka mpaka kwenye asilimia.

"Hamsini na nne. Prepa."

"Papa, nina lisansi," binti akasema kwa adabu.

"Lisansi ya nini?"

"Ya laboratwari."

"Hiyo siyo udaktari."

"Ndiyo maana nimekuja, papa."

Nyuma yetu mtu akacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotumaliza. Karani akachukua biki. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuandika kredi zinazotambuliwa. Akachora sifuri. Aliichora vizuri, ya mviringo kamili, ya mkono uliozoea.

Kwa wasiojua, prepa ni mwaka wa matayarisho, kabla hata hujahesabiwa kuwa umeanza udaktari. Wanafundisha biolojia, kemia, fizikia. Seli ni nini, asidi ni nini, mwanga unapinda vipi kwenye kioo. Kwa kijana aliyetoka sekondari akiwa amesomea biashara au ushonaji, prepa ni msaada mkubwa na ninauunga mkono. Lakini huyu wa kwetu anaishi ndani ya hicho kioo! Mwanga unavyopinda anaujua kwa macho yake, na siku taa inapozimika huielekezea mikroskopi jua kwa kioo cha mkononi.

Naomba asitokee mtu wa kuniandikia kwamba nataka njia ya mkato. Sijasema apewe koti jeupe kesho. Maiti hajaipasua, mgonjwa hajamlaza, mama hajamzalisha. Miaka ya udaktari aisome yote, na akianguka aanguke. Ninachokataa ni mwaka mmoja anaotozwa ili afundishwe alichokwisha kufundishwa na Leta ileile, kwa muhuri uleule. Na sababu naijua, wala sihitaji tume ya uchunguzi: prepa inalipa. Mwanafunzi ambaye hana jipya la kujifunza hasumbui profesa, hachafui maabara, na ada yake ni dola kamili. Hata wauza makala wa njia ya Rumangabo hawana biashara safi namna hiyo.

Marekani, nasikia watu wakiisifu sana mezani, huko kwa kawaida mtu haingii udaktari mpaka awe na digrii ya kwanza. Akiwa amesoma historia au muziki, anatafuta mwaka au miwili ya kujaza sayansi zilizompungukia, anafanya mtihani, anaomba. Anajaza zilizompungukia. Hakuna anayemrudisha kujaza alizonazo. Lakini Marekani ni mbali na viza hatuna, tubaki nyumbani.

Nyumbani, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii nzima ilipata uhuru bila daktari Mkongomani hata mmoja. Tulikuwa na wasaidizi wa madaktari, watu waliosomeshwa na Wabelgiji kwa miaka, wakaendesha hospitali za vijijini, wakapasua na kushona, ila jina la daktari wakanyimwa. Wabelgiji walipoondoka kwa haraka, Shirika la Afya Duniani liliwachukua makumi ya wasaidizi hao likawapeleka Ufaransa kumalizia udaktari. Hawakuwekwa mwaka wa kwanza. Walichokijua kilihesabiwa, wakaanzia pale walipokuwa wamefika, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari kamili. Kwa hiyo katika mwaka wa shida kuliko yote, nchi ikiwaka moto, kulikuwa na mtu mahali fulani aliyejua kujumlisha. Sisi tuna LMD, tuna kredi, tuna kompyuta kwenye dirisha la aparitora, na jibu letu ni sifuri.

Nilimwambia binti aandike barua ya rufaa. Akaniuliza, "Kwa nani, shangazi?" Nikamtajia vyeo vitatu, akavisikiliza kwa heshima ya mtu anayemsikiliza mzee akihadithia zamani. Akarudi Kalengera kwa motari, kwa kuwa Jumatano alikuwa na zamu na foleni ya wagonjwa haijui mambo ya rufaa.

Kaka yangu hakusema neno. Ndivyo alivyo. Jumatano asubuhi alimfungua Minervali kwenye mti wake, akamshusha mpaka Rubare. Mnakumbuka alinunuliwa kwa ajili ya ada ya shule, yaani minervali, na jina akapewa kwa ajili hiyo, na miaka yote mlinicheka kwamba mbuzi huyu atakufa kwa uzee kwa sababu kila ada ilipofika tulipata pa kukopa. Ameponea sekondari, ameponea lisansi yote, kredi 180, bila kuguswa ukwato. Prepa ndiyo iliyommeza.

Jana usiku simu ikalia. Ni binti. Karani wa Jumanne amempigia, namba aliitoa kwenye dosie. Moyo ukanidunda, nikajua wamekaa wakafikiri upya, nikaanza hata kuona aibu kwa niliyokwisha kuandika hapo juu.

La. Laborantini wao ameacha kazi, na wanafunzi wa prepa hawana mtu wa kuwaonyesha namna ya kutumia mikroskopi. Kwa kuwa yeye ana lisansi, wanaomba awafundishe wenzake kila Jumamosi.

"Kwa malipo gani?" nikauliza.

"Amesema nitahesabiwa kwamba nimehudhuria."